Pikapu Isiyobeba Mzigo

Leo, msikilizaji, nimekuja studio na picha, na redio haina kioo, kwa hiyo itabidi nikueleze mpaka uione.

Ni picha ya pikapu. Nimetumiwa na mpwa wangu aliyeko Houston, kule Texas, ambako kazi yake ni udereva wa lori. Jumapili moja alikwenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani akaikuta imeegeshwa juu ya zulia. Ndiyo, zulia. Chevrolet 3100 ya mwaka 1950, kijani cha jani la mgomba. Madigadi ya mbele yamevimba kama mashavu ya mpiga zumari, taa mbili za duara, katikati yake vyuma vitano vimelazwa kama meno, na bampa linang'aa kiasi kwamba mpwa wangu mwenyewe, aliyekuwa akipiga picha, anaonekana ndani yake akiwa mfupi na mnene. Nyuma, sakafu ya bodi ni mbao zilizopigwa vanishi. Chini ya picha ameandika: Mjomba, hii inauzwa makumi ya maelfu ya dola, na mwenyewe anajisifu kwamba haijabeba hata gunia moja tangu aitengeneze.

Ujumbe huo ulinikuta Magogoni, kwenye foleni ya pantoni ya kwenda Kigamboni. Unaijua foleni ile. Ikulu imejificha nyuma ya miti, soko la samaki la Feri liko puani. Mbele yangu kulikuwa na pikapu pia, Toyota ya miaka ya themanini, rangi yake huwezi kuapia, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani. Imejaa matenga na mabonge ya barafu, maji ya samaki yanachuruzika hadi kwenye lami, na juu ya matenga wamekaa vijana watatu, mmoja wao usingizi umempitia kabisa. Nikaitazama simu, nikaitazama ile Toyota, nikaitazama simu tena. Nikajiuliza, kati ya hizi mbili, ipi ndiyo inayotunzwa?

Kesho yake nikaenda Gerezani.

Kama hujafika Gerezani, ni pale Kariakoo inapoacha kuuza vitenge na kuanza kuuza vyuma. Ukishika Mtaa wa Shaurimoyo unakuta milango ya magari imetundikwa ukutani kama kanzu, taa za nyuma zimepangwa kwa saizi, injini zimekaa chini zimefunikwa turubai, na vijana wanakuuliza unatafuta nini kabla hujajua mwenyewe. Ninaye mzee mmoja huko, fundi wa kunyoosha bodi, ameanza kazi akiwa kijana mdogo wa kushikilia tochi. Sitamtaja jina maana hakunipa ruhusa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Gari iko wapi?"

"Leo sina gari, mzee. Nina picha."

Akajifuta mikono kwa tambara, akaishika simu mbali na macho, kama tunavyozishika sisi tuliozidi umri fulani. Akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaitanua picha kwa vidole viwili mpaka pale mlango unapokutana na bodi. "Aliyenyoosha hapa anajua kazi," akasema. "Ona uwazi wa mlango, sawasawa toka juu mpaka chini. Hapa hakuna puti. Hapa ni nyundo na mkono." Akatazama tena. "Inabeba nini?"

"Haibebi kitu, mzee. Ni ya kutazama."

"Mwenyewe mgonjwa?"

"Mzima wa afya."

"Sasa kwa nini haibebi?"

Sikuwa na jibu pale, msikilizaji. Nimekuja kulitafuta hapa kwako.

Tuanze na gari lenyewe. Kampuni ya General Motors ilianza kuuza pikapu za umbo hili katikati ya mwaka 1947, vita vimekwisha na Marekani ina kiu ya magari mapya, ikaendelea nazo mpaka mwanzoni mwa 1955. Injini ni ya petroli, silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa lita 3.5 hivi, nguvu za farasi takriban 90. Ile Toyota IST ya injini ndogo inayokupita pale Mnazi Mmoja inakaribia nguvu hizo kwa lita 1.3 tu. Lakini injini ile haikuundwa kukimbia. Iliundwa kuvuta, taratibu, na kufunguliwa na mwenye shamba mwenyewe kwa spana chache na nyundo. Umeme wake ni volti 6. Stata huipigi kwa ufunguo, unaikanyaga kwa mguu. Gia ni tatu, ziko kwenye usukani. Na ile sakafu ya mbao niliyokutajia si pambo. Ndivyo zilivyotoka kiwandani, mbao zimebanwa kwa vyuma vyembamba virefu, mzigo uteleze, na ubao ukioza ubadilishe ubao bila kugusa bodi.

Hapo kwenye mbao mzee wangu alifurahi kweli. Akauliza ni mbao gani. Nikamwambia nadhani msonobari. Akacheka mpaka akakohoa. "Waambie walete, tuwatandikie mninga."

Ilipokuwa mpya, pikapu hii haikufika dola 1,500. Mkulima wa Kimarekani aliinunua kwa ajili ya nyasi kavu, ndama na magunia ya mbegu, akaichosha, kisha akaiegesha nyuma ya ghala na kuku wakatagia ndani. Miaka mingi baadaye watoto wa wakulima hao, sasa wastaafu wenye pensheni na mgongo mbovu, wakaanza kurudi kuzitafuta. Ndiyo maana bei imepanda. Anayelipa fedha zile halipii chuma. Analipia harufu ya baba yake akirudi shamba.

Na kazi inayofanyika ni kubwa, tusiidharau. Gari linavuliwa lote hadi chesisi. Kila nati inaingia kwenye kopo lake na kopo linaandikwa. Bodi inapigwa mchanga kwa upepo wa kompresa mpaka kutu yote itoke na chuma kibaki cheupe. Palipooza panakatwa, panachomelewa bati jipya. Rangi haichaguliwi kwa mapenzi ya mwenye gari. Inatafutwa ileile iliyotoka nayo kiwandani. Nyaya zinafungwa kwa kitambaa kama zilivyokuwa, ingawa plastiki ingedumu zaidi. Na viwanda vipo vinavyotengeneza upya karibu kila kipande, hata bodi nzima ya nyuma unaweza kuinunua mpya na mbao zake.

Sasa ukisikia hivyo utauliza, na mzee wa Gerezani aliuliza: ikiwa bati ni jipya, mbao mpya, nyaya mpya, rangi mpya, cha zamani ni kipi?

Ni namba, msikilizaji. Mnunuzi makini wa magari haya haanzi kutazama rangi. Anafungua mlango, anachuchumaa, anasoma kibati kilichopigiliwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kisha anafungua boneti, anasoma namba iliyogongwa kwenye injini. Anataka kujua kama injini ile ni ya gari lile au imetoka kwingine. Halafu anaomba karatasi: nani aliinunua kwanza, wapi, ilifanya kazi gani, ilifunguliwa lini. Gari lenye karatasi zake na injini yake ya kuzaliwa linaweza kulizidi bei lenzake linalong'aa kuliko lenyewe.

Hapa ndipo sisi na wao tunapoachana. Mikono tunayo. Mambo mengi niliyoyataja yanafanyika Gerezani kila siku, nje, chini ya jua, bila maabara wala zulia. Nimewahi kuona gari lililobondeka ubavu mzima likinyooshwa kwa jeki, mnyororo na mti. Nimeona kipande ambacho hakipo dukani kikichongwa kwenye mashine kutokana na kingine kilichokufa. Lakini kwetu sifa ya fundi ni kulirudisha gari barabarani likiwa tofauti na lilivyoingia. "Hii nimeifunga injini ya dizeli, gia boksi ya Nissan, difu ya Land Rover," anasema kwa fahari, na ana haki ya kuona fahari, maana gari linatembea. Mmarekani wa kwenye zulia akisikia orodha hiyo atashika kichwa. Kwake gari hilo limeshakufa mara tatu.

Usidhani lakini kwamba pikapu za Kimarekani ni ngeni kwetu. Jina lenyewe la Kariakoo ni jina la mzigo. Waingereza walipouchukua mji huu wa Dar es Salaam kwa Wajerumani, Septemba 1916, waliweka hapa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na midomo yetu ikaligeuza kuwa Kariakoo. Katika vita hivyohivyo vya kwanza vya dunia yalikuwapo magari madogo ya Ford, yaliyopelekwa kupita mahali ambapo malori mazito yalikuwa yakizama. Masika yalipoingia Ford nazo zikakwama, na mzigo ukarudi pale ulipokuwa, kichwani mwa mpagazi. Kwa hiyo tunaposema pikapu imebeba nchi hii tukumbuke kwamba alianza mtu, na tena mtu ambaye hakuandikwa vizuri popote.

Jambo jingine wengi hawalijui. Magari mengi ya Kimarekani yaliyoingia katika makoloni ya Mwingereza hayakutoka Marekani, yalitoka Kanada. Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ilipewa haki ya kuuza katika himaya yote ya Mwingereza ukiiondoa Uingereza yenyewe, na General Motors nayo ikawa na kiwanda chake kule Oshawa. Bidhaa ya Kanada ilikuwa na nafuu ya ushuru ndani ya himaya, na usukani iliwekewa kulia kwa ajili yetu. Sasa fikiri. Chevrolet ya usukani wa kulia iliyooza nyuma ya nyumba ya mzee fulani Kisarawe inaweza kuwa adimu kuliko ile ya Houston.

Kenya walowezi na wawindaji hawakungoja hata bodi ije. Walinunua chesisi na injini, seremala akagonga sanduku la mbao nyuma, na gari likaitwa boksi-bodi. Kisha vita vya pili vikawafundisha udereva vijana wengi wa Afrika Mashariki, kwenye malori ya jeshi yakiwemo hayo ya Ford na Chevrolet. Waliporudi makwao, leseni ilikuwa mali kuliko shamba.

Na kama umewahi kuitazama ile sinema iitwayo Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, umeliona gari la Kimarekani likifanya kazi Tanganyika kabla tu ya uhuru. Mwongozaji Howard Hawks alipiga sehemu kubwa ya sinema hiyo kule upande wa Arusha, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961. John Wayne amekaa kwenye kiti kilichopachikwa juu ya madigadi ya mbele, ameshika mti wenye kitanzi, wanamfukuza kifaru na vumbi limejaa kote. Gari lile limekatwa, limechomelewa, limeongezewa vyuma, limepata kiti mahali ambapo kiwanda hakikukiota. Hiyo ni Gerezani tupu, ila imefanywa na Hollywood.

Wakubwa wanaonisikiliza wataikumbuka pia Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Watu walitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao. Mwenye gari dogo alibanana na watoto, mwenye pikapu aligeuza kinyumenyume, akatandika mkeka kwenye bodi, akafungua hotpoti ya pilau, akawa amekaa barazani kwake. Uwanja ule leo ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani. Sisemi neno zaidi hapo, mambo hujipanga tu yenyewe.

Halafu ukaja uhaba. Vijana wa leo tukiwaambia kwamba kulikuwa na wakati gari binafsi haliruhusiwi barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, wanadhani tunatunga. Mafuta hayapo, fedha za kigeni hazipo, spea hazipo. Gari lililokuwepo ndilo hilohilo, likifa hulipati jingine. Pikapu zikafungwa mabenchi mawili ya kutazamana, magoti kwa magoti, zikabeba abiria, watu wakaziita chai maharage. Zilipokuja daladala, jina lake likatokana na dala, yaani shilingi tano, na dala lenyewe ni dola ileile aliyoitaja mpwa wangu. Mwaka 1984 serikali ilipomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza vitu bila kuulizwa amezipata wapi, pikapu za Kijapani zikaingia kwa wingi. Za Kimarekani na za Kiingereza ndipo zilipoanza kusukumwa uani.

Miaka ile ya uhaba ndiyo iliyowafundisha mafundi wetu kubadilisha kila kitu. Haikuwa kupenda. Kutunza maana yake ilikuwa litembee kesho, na injini gani imo ndani halikuwa swali la mtu mwenye njaa.

Marehemu baba yangu mkubwa alikuwa na Chevrolet ya namna hii, akileta nazi na machungwa kutoka Mkuranga mpaka Kariakoo. Mimi nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kukaa juu ya machungwa ili yasipungue njiani, na niseme ukweli yalikuwa yakipungua kwa mkono wangu. Injini yake ya kwanza ilinoki njiani, pistoni moja ikatoboka. Ikafungwa Perkins ya dizeli. Ikatembea miaka mingine mingi, ikilia kama trekta, na baba mkubwa akasema ni bora kuliko zamani kwa sababu hainywi petroli. Baadaye chesisi ikapasuka. Ekseli ya nyuma ikatolewa, ikawekewa ubao na mpini, ikawa mkokoteni, na mkokoteni ule ulisukumwa hapahapa Kariakoo na kijana wa jirani yetu. Boneti likafunika pipa la maji ya mvua. Mbao za bodi shangazi alizikokea moto siku ya arobaini ya mumewe. Kilichobaki uani kilikaa chini ya mwembe mpaka siku moja akapita mtu mwenye mizani.

Huyo mtu unamjua. Anakuja na gari dogo, kirikuu, anapaza sauti ya chuma chakavu, anapima kwa kilo. Mlango wa Chevrolet kwake ni sawa na sufuria iliyotoboka. Chuma hicho kinakwenda kwenye viwanda vya kuyeyusha, kinatoka kikiwa nondo. Ukipita Kariakoo leo, pale ambapo nyumba za Kiswahili za vyumba sita zinabomolewa na magorofa kusimama, tazama zile nondo zinazochomoza juu kama nywele. Siwezi kuapa, lakini naamini Chevrolet ya baba mkubwa imo kwenye ghorofa fulani pale. Kwa hiyo bado inabeba mzigo. Mzee wa Gerezani aliposikia hivyo alitikisa kichwa, akaridhika.

Mimi sikuridhika. Tulipokuwa tunapanga vitu vya shangazi baada ya msiba wake, chini ya sanduku tulikuta kadi ya gari. Karatasi imekuwa ngumu kama ngozi, lakini inasomeka: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi. Rangi imeandikwa kijani. Mimi maisha yangu yote nilikuwa nikiikumbuka ya kijivu. Nikakaa chini na kadi ile. Kama gari lingekuwepo, hata bila injini, kutoka kwenye namba zile ningeweza kuanza kuulizia: ilitoka kiwanda gani, mwaka gani, na pengine nani aliishika kabla ya baba mkubwa, ambaye hakuinunua mpya.

Sheria zetu nazo zinautazama uzee wa gari kwa jicho moja tu. Tanzania, gari likishazeeka unaongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake. Kenya haliingii kabisa likizidi miaka minane, Uganda ni miaka kumi na mitano tangu 2018. Nazielewa sababu, hatutaki kugeuzwa jaa la wengine. Lakini sheria hiyo hiyo ndiyo inayotufundisha kwamba gari kuukuu ni uchafu, mkweche tu. Nairobi angalau wana siku yao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hufanyika pale mashindano ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na majaji wanainama mpaka chini ya gari kutafuta tope. Na tangu 2003 kuna Safari Classic, magari ya zamani yanayorudia njia za vumbi za Safari Rally. Hiyo Safari ya zamani, nikukumbushe, mwaka 1966 na 1967 ilichukuliwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Dar es Salaam, kwa Peugeot 404. Na 404 ya pikapu, ndugu msikilizaji, imebeba vitunguu vingi katika nchi hii kuliko nitakavyoweza kuvihesabu.

Hapa mjini ukienda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, utaona magari. Ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Inafaa kuwepo, nendeni mkaione, wapelekeni watoto. Lakini magari ya pale yamehifadhiwa kwa ajili ya waliokaa kiti cha nyuma. Ningependa siku moja liwekwe na moja kwa ajili ya waliokaa kwenye bodi. Liwekwe pikapu iliyofanya kazi, si iliyopakwa rangi juzi. Ibaki na Perkins yake isiyo yake, kamba ya katani, mabenchi ya chai maharage kama bado yamo, na pembeni yake karatasi inayosema nani alibadilisha nini, lini, na kwa nini. Mmarekani anarudisha gari siku lilipotoka kiwandani. Sisi tungelionyesha pamoja na safari yake yote, na fundi aliyenyoosha ubavu wake angeandikwa jina. Kazi hiyo ingetosha kumtoa mzee wangu Gerezani kwa mwezi mzima, na ningependa kuuona uso wake akiambiwa atengeneze gari lisilokwenda kubeba kitu.

Zulia la Houston mimi silitetei. Pikapu inayoogopa gunia inanihuzunisha kidogo, kama mvuvi anayeogopa maji. Ila yule bwana wa Houston ana kitu kimoja ambacho sisi hatuna: akiulizwa gari lake limetoka wapi, anajibu.

Dakika zangu zinakwisha, mtayarishaji ananionyesha kidole. Basi nina ombi. Kama nyumbani kwenu, Mbagala, Bagamoyo, Tanga, Unguja au popote unaponisikia, kuna pikapu ya zamani imelala uani, Chevrolet, Ford, Dodge, Bedford, hata 404, usiende kuinunulia rangi. Kesho alfajiri chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, fungua mlango wa dereva kama bado unafunguka, futa nguzo ya mlango mpaka kibati kionekane, uandike namba. Futa na ubavu wa injini. Piga picha. Kisha kaa na bibi au babu, umuulize ilinunuliwa kwa nani na ilikuwa ikibeba nini, na majibu uyaandike hapohapo. Fanya mapema. Yule mtu wa mizani huwa anapita asubuhi.